Jibu ni Galveston

Joey Chestnut alikula hot dog 76 kwa dakika 10. Ilikuwa tarehe 4 Julai 2021, Coney Island, New York. Thomas Jefferson na John Adams, marais wawili waliokosana vibaya kisha wakapatana uzeeni kwa kuandikiana barua, walikufa siku moja, tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio la Uhuru. Filamu ya Jaws, ile ya papa, ilianza kuonyeshwa tarehe 20 Juni 1975. Haya yote nayajua na sijawahi kukanyaga Marekani. Hakuna mwalimu aliyenifunza wala mtihani niliofanya. Yaliingia tu, kama vumbi linavyoingia nyumbani hata ukifunga madirisha.

Na si mimi pekee. Wasee wa rika langu hapa Nairobi wamejaa vitu kama hivi. Tulilelewa na filamu za hamsini hamsini kutoka vibanda vya tao, halafu intaneti ikaja ikamalizia kazi. Tulijua summer kabla ya kujua kwamba sisi hatuna summer. Hebu fikiria: mwezi wa Julai, wakati vijana wa kwenye filamu wanaruka ndani ya bwawa la kuogelea, Nairobi ni baridi ya kuvaa jaketi mbili na jua unalisikia kwa jina tu. Hata hivyo jamaa akitua JKIA kutoka ng'ambo, viatu vipya na matamshi mapya, sisi wenyewe ndio tunamwita summer bunny. Tumempa jina la majira ambayo hatuna, na tunalitumia hata Desemba.

Nina timu ya chemsha bongo. Tuko watu watano, kila Jumatano usiku, kwenye baa moja upande wa Ngong Road. Mshindi anapewa vocha ya kula pale pale, kwa hivyo ukiangalia vizuri tunashindania kurudi. Mwezi wa sita mwendeshaji alileta raundi nzima ya sikukuu za kiangazi za Marekani. Swali la nne: sikukuu ya Juneteenth ilianzia mji gani wa Texas? Jibu ni Galveston. Meza yetu ilipata, meza nyingine tatu zikapata, watu wakapiga makofi, tukaingia swali la tano, ambalo lilihusu hot dog.

Sina shida na makofi. Lakini tangu hapo nimekuwa nikibishana na mwenzangu mmoja wa timu, wakili, mtu ambaye hapendi kuachia hoja ife kifo cha kawaida. Tunabishania hili: je, kujua jibu kunakudai kitu? Yaani, ukijua kwamba jambo fulani lilitokea, na jambo lenyewe ni mateso ya watu, unaweza kulibeba mfukoni kama unavyobeba idadi ya hot dog, ukalitoa siku ya mashindano, ukapata pointi yako, ukalirudisha? Yeye anasema ndiyo, tena bila aibu. Mimi nasema hapana. Na nikisema hapana simaanishi kwamba watu wanune.

Tuanze na vijimambo vyenyewe, maana ni kitu cha ajabu kuliko kinavyoonekana. Mchezo wa Trivial Pursuit ulibuniwa na Wakanada wawili, Chris Haney na Scott Abbott, mwaka 1979 mjini Montreal. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Fred Worth, aliwapeleka mahakamani. Worth alikuwa ameandika vitabu vinene vya vijimambo, na ndani yake alitega mtego: aliandika kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa televisheni mwenye koti lililokunjamana, ni Philip. Alilitunga kichwani. Alitaka kumnasa yeyote atakayenakili. Na kweli, Trivial Pursuit ikatoka na kadi yenye swali hilo na jibu lake: Philip. Worth alidai dola milioni 300. Alishindwa. Kwa lugha ya mtaani, mahakama ilimwambia kwamba ukweli hauna mwenyewe. Ukikusanya mambo ya hakika, huwezi kumzuia jirani kuyatumia.

Rafiki yangu wakili huipenda kesi hiyo kwa sababu za kisheria. Mimi huipenda kwa sababu ya zile sebule. Kuna mtu mahali fulani, mwaka 1985 hivi, aliyesema Philip akapewa pointi, na kuna mwingine aliyesema kwamba jina lake hatukuwahi kuambiwa, akakosa. Ndani ya mchezo, jambo haliwi la kweli kwa kuwa lilitokea. Linakuwa la kweli kwa kuwa liko kwenye kadi. Kadi ndiyo hakimu, ndiyo shahidi, ndiyo polisi wa mlangoni.

Hata lile shindano la hot dog lina kadi yake ya uongo. Kwa miaka mingi watu waliambiwa lilianza tarehe 4 Julai 1916, wahamiaji wanne wakishindana nani mzalendo kuliko mwenzake. Hadithi tamu sana. Mwaka 2010 Mortimer Matz, mzee wa kutangaza biashara, aliliambia gazeti la New York Times kwamba yeye na mwenzake waliitunga tu. Shindano linaendelea, hadithi inaendelea, na hakuna aliyefiwa. Uongo wa aina hiyo siuogopi. Ninachoogopa mimi ni jibu la kweli.

Turudi Galveston. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitoa Tangazo la Ukombozi, kwamba watumwa katika majimbo yaliyoasi wako huru. Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Kaskazini alikuwa Galveston, mji wa bandari, na Amri Nambari 3 ikatangazwa kwa jina lake: watumwa wote wako huru. Texas ilikuwa na watumwa wapatao 250,000. Kati ya tarehe hizo mbili kuna karibu miaka miwili na nusu, na hapo ndipo kadi humalizia kwa sentensi yake nyepesi: habari ilichelewa kufika.

Ilichelewa. Ukiisikia hivyo utadhani farasi aliteguka mguu njiani, au karani wa posta alilala na barua chini ya mto. Lakini telegrafu ilikuwapo. Magazeti yalikuwapo. Wenye watumwa walijua vizuri sana, na ndiyo maana wengi wao waliwahamisha watu kutoka majimbo kama Louisiana na Mississippi kuwapeleka Texas, mbali na jeshi la Kaskazini. Mtu hakimbizi mali ambayo hajui kwamba inakaribia kumtoka. Na watumwa wenyewe, wengi walikuwa wameshasikia fununu. Mtu anayepakua chakula mezani husikia mengi. Kilichokosekana Texas hakikuwa habari. Kilikuwa nguvu ya kuitekeleza. Huyo Granger tunayemfikiria kama mpeleka barua alikuja na wanajeshi wapatao 2,000.

Ukiisoma amri yenyewe hadi mwisho, utaona kitu kingine ambacho kadi haina nafasi nacho. Baada ya kutamka usawa wa haki, inawashauri walioachwa huru wabaki kwa utulivu pale walipo na wafanye kazi kwa mshahara. Inawaonya kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi, na kwamba hawatalishwa wakikaa bure. Manze. Dakika ya kwanza ya uhuru, mtu aliyefanya kazi tangu utotoni bila senti anaambiwa asizoee uvivu. Na ilipotangazwa, bado kulikuwa na utumwa halali Kentucky na Delaware, majimbo ambayo hayakuasi na kwa hivyo Tangazo la Lincoln halikuyagusa. Huko watu walisubiri hadi Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa.

Kwa hivyo Galveston ni jibu sahihi, pointi moja, hakuna ubishi. Ila umbo la swali limetuficha kitu. "Wapi" na "lini" ni maswali yasiyo na mshtakiwa. Ukiuliza wapi, unaletewa ramani. Ukiuliza lini, unaletewa kalenda. Ukiuliza nani alijua akanyamaza, na nani alivuna pamba ya msimu mzima katikati ya kunyamaza huko, sasa watu wanaanza kukaa vizuri kwenye viti. Hiyo ndiyo hoja yangu kwa wakili, na nimeirudia hadi mhudumu wa baa anaijua: jambo linaweza kuwa la kweli kabisa na bado likasaidia uongo, kwa sababu tu ya mahali lilipokatwa.

Na anayejua akanyamaza ni mhusika wa zamani sana wa kiangazi cha Marekani. Kila mtu anakumbuka papa wa Jaws. Mimi humkumbuka meya. Mkuu wa polisi anamwambia kuna papa majini, na meya anaikataa habari hiyo kwa kuwa tarehe 4 Julai inakaribia na mji mzima unaishi kwa pesa za sikukuu hiyo. Fukwe zinabaki wazi. Watu wanakufa. Papa wa filamu ile ni mashine, hata haikuwa ikifanya kazi vizuri, lakini yule meya unaweza kumkuta katika nchi yoyote, amevaa suti safi.

Wakili hujibu hivi, na naliweka jibu lake hapa kwa haki yake yote, maana si jibu dhaifu. Anasema: ukitaka kila anayejua jambo aomboleze, hakuna atakayetaka kujua. Vijimambo ni mlango. Watu hamsini kwenye baa hawajui neno Juneteenth, jioni ile wanalisikia, mmoja kati yao anakwenda nyumbani kulitafuta. Kwani wewe ulijuaje habari za Amri Nambari 3? Si ulianza na swali la nne?

Ni kweli, nilianza hapo. Lakini mlango ni mlango ukifunguka. Kuna milango iliyochorwa ukutani.

Chukua Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kukumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Siku hizi ndiyo kizingiti cha kiangazi: mabwawa yanafunguliwa, nyama inachomwa, magodoro yanauzwa kwa punguzo. (Sijaelewa bado uhusiano wa marehemu na magodoro, lakini matangazo ni mengi mno kuwa bahati mbaya.) Swali la kadi ni: ilianzia wapi? Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson aliutambua mji wa Waterloo, jimbo la New York, kuwa chimbuko. Miji mingine kadhaa inapinga hadi leo, kila mmoja na bango lake.

Sasa, Charleston, South Carolina, mwisho wa vita. Jeshi la Kusini lilikuwa limewafunga mateka wa Kaskazini ndani ya uwanja wa mbio za farasi, nje, bila paa. Angalau 257 walikufa kwa maradhi na hali mbaya, wakafukiwa haraka nyuma ya jukwaa la watazamaji. Kusini iliposhindwa, wanaume Weusi wa mji ule, 28 kwa hesabu, waliifukua miili ile na kuizika upya kwa heshima. Wakajenga ua kuzunguka makaburi. Juu ya lango wakaandika kwamba hapa wamelala mashahidi wa uwanja wa farasi. Kisha tarehe 1 Mei 1865 watu wapatao 10,000, wengi wao watumwa wa juzi tu, wakaandamana hapo. Watoto wa shule 3,000 walitangulia na maua. Baada ya maombi na hotuba, watu wakakaa kwenye nyasi wakala.

Nimeandika mashahidi, na hapa Kiswahili kinanifaa kuliko Kiingereza cha lile lango. Kwetu shahidi ni aliyekufa kwa ajili ya jambo, na shahidi ni aliyeliona akaweza kusimama kusema. Waliokuwa ndani ya ua walikuwa mashahidi wa aina ya kwanza. Waliojenga ua walikuwa wa aina ya pili. Walikuwa na kila sababu ya kutogusa maiti za watu weupe wasiowajua, wiki chache baada ya kupata uhuru wao wenyewe, na tumbo linadai. Hakuna aliyewalipa.

Halafu ikasahaulika. Miili ilihamishwa. Uwanja ukageuzwa bustani, ukapewa jina la Hampton, kwa heshima ya Wade Hampton, jenerali wa Kusini. Mwanahistoria David Blight alikutana na habari zile kwenye makaratasi ya zamani huko Harvard katika miaka ya 1990, zaidi ya karne moja baadaye. Na unajua watu walianza kubishania nini? Kama ilikuwa ya kwanza. Charleston au Waterloo? Nani apewe bango? Mbona tunashindwa kukaa na jambo lenyewe kidogo kabla ya kulipeleka kwenye riadha? Kama kesho itapatikana barua ya kuonyesha kwamba kijiji fulani kilitangulia kwa siku tisa, watu wale 28 hawatakuwa wamechimba kaburi moja pungufu. "Ya kwanza" ni ugonjwa wa kadi. Unaua jambo kwa kulipa medali.

Mimi huona jibu na wajibu kama ndugu. Wataalamu wa lugha watasema mizizi yake ya Kiarabu ni tofauti, nami nakubali, lakini sikio langu halijali. Ukijibu swali kuhusu watu, umewagusa. Si lazima ulie. Si lazima uandike uzi mrefu mtandaoni wenye picha ya mshumaa. Ninachodai ni kidogo zaidi na labda kigumu zaidi: usikubali swali la kwanza liwe la mwisho. Ukijua wapi, uliza nani alijua. Ukijua nani alitangaza, uliza nani alilazimika kutii, na kwa nini hakutii jana. Ni swali moja tu la ziada. Halikuharibii jioni.

Nasema halikuharibii jioni kwa sababu furaha haijawahi kuwa adui wa jambo hili, na hapa naachana na wale marafiki zangu wengine, wale makini sana, ambao wangependa Juneteenth iwe siku ya kukunja uso. Watu wa Texas waliianza kwa kula. Tangu mwanzo ilikuwa nyama, muziki, nguo mpya, vinywaji vyekundu. Mwaka 1872 watu Weusi wa Houston, wakiongozwa na wahubiri kama Jack Yates, walichanga pesa wakanunua ekari 10 za ardhi ili wapate mahali pao pa kusherehekea. Fikiria hilo. Miaka saba baada ya wao wenyewe kuwa mali iliyoandikwa kwenye hati za mtu, wananunua ardhi kwa hati, na matumizi ya ardhi hiyo ni sherehe. Hawakuinunua kwa ajili ya makaburi. Inaitwa Emancipation Park na bado ipo. Pikiniki ile ilikuwa na maswali yote ndani yake. Aliyekuwa akila nyama alijua anakula nini na kwa nini mwaka jana hakuila.

Sasa weka hapo kando ya Houston kitu cha mwaka 2022. Juneteenth ilikuwa imefanywa sikukuu ya taifa mwaka mmoja kabla, Rais Joe Biden alipotia saini tarehe 17 Juni 2021, na bibi Opal Lee wa Texas, aliyeipigania kwa miaka mingi, akiwa pale akishuhudia akiwa na miaka 94. Kufikia Mei iliyofuata, Walmart ilikuwa imeweka madukani aiskrimu ya Juneteenth. Watu walipiga kelele, kampuni ikaomba radhi na kuitoa. Rafiki yangu wakili aliniuliza tofauti iko wapi: kinywaji chekundu cha Houston na aiskrimu nyekundu ya dukani, si vyote ni sukari? Ni swali zuri. Nadhani tofauti ni kwamba kinywaji kilikuwa na mtu nyuma yake aliyeweza kuulizwa. Ungemuuliza bibi pale bustanini kwa nini chekundu, angekuambia jambo, hata kama bibi wa meza ya pili angekuambia jambo lingine. Aiskrimu ukiiuliza inakuonyesha bei.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kupendekeza maswali. Nilimpelekea mwendeshaji moja: tarehe 18 Juni 1865, nani Texas alijua kwamba watumwa wako huru? Akanirudishia ujumbe kwamba halina jibu la neno moja, watu wamelewa, atasahihisha vipi? Nikamwambia hilo ndilo swali. Akaniambia hilo ndilo tatizo. Tumeachia hapo.

Kuna sikukuu moja iliyozaliwa Marekani ambayo Wakenya tunaiadhimisha na Wamarekani hawaiadhimishi. Hii nayo ingefaa kuwa swali la baa, na naipenda kuliko zote. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi katika miji mingi ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane. Chicago ndiyo ilikuwa kitovu. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Tarehe 4, kwenye mkutano wa kupinga mauaji hayo uwanjani Haymarket, mtu asiyejulikana hadi leo alirusha bomu. Polisi walikufa, raia walikufa. Wanaume wanane walihukumiwa, ingawa hakuna aliyethibitishwa kulirusha bomu lenyewe. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Miaka michache baadaye gavana John Peter Altgeld aliwasamehe watatu waliobaki gerezani, akisema kesi ile haikuwa ya haki. Mwaka 1889, mkutano wa vyama vya kisoshalisti mjini Paris uliichagua Mei Mosi kuwa siku ya wafanyakazi duniani, na ndiyo hiyo hapa kwetu: viongozi wa COTU jukwaani, hotuba ndefu, na watu nyumbani wakisubiri kusikia kama mshahara wa chini umeongezwa asilimia ngapi. Mara chache sana utasikia Chicago ikitajwa.

Marekani yenyewe ikachukua Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwisho wa kiangazi. Siku hiyo ina historia yake ya heshima, wafanyakazi waliandamana New York tangu tarehe 5 Septemba 1882. Lakini tazama lini serikali iliifanya sikukuu ya taifa. Mwaka 1894 kampuni ya mabehewa ya Pullman, nje kidogo ya Chicago, ilikata mishahara bila kupunguza kodi ya nyumba ambazo ni yenyewe iliyowapangisha wafanyakazi wake. Wakagoma Mei. Mwishoni mwa Juni wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Eugene Debs, wakakataa kugusa treni zenye mabehewa ya Pullman, na reli za nusu ya nchi zikakwama. Tarehe 28 Juni Rais Grover Cleveland akatia saini sheria ya sikukuu ya wafanyakazi. Kufikia tarehe 4 Julai, siku sita baadaye, wanajeshi aliowatuma walikuwa ndani ya Chicago kuuvunja mgomo. Watu wengi waliuawa katika wiki zile.

Binamu yangu yuko Dallas, kazi ya ghala. Mwaka jana, Labor Day, nilimpigia nikidhani nitamkuta nyumbani. Alikuwa kazini, kwenye mapumziko ya nusu saa, anakula amesimama. Siku ya wafanyakazi huko ni siku ya ofa, na ofa zinahitaji watu wa kupakia maboksi. Kwa kuwa tulikuwa na dakika kumi hivi, nikamweleza habari za Pullman, kodi ya nyumba, Cleveland, zile siku sita. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa buda, hiyo nitalipa nayo rent?"

Nikacheka, naye akacheka. Nikasikia mfuko wa karatasi ukikunjwa.

"Lakini ngoja," akasema. "Hao wasee wa mabehewa. Waliongezwa?"

Nikamwambia hapana. Mgomo ulivunjwa, Debs akafungwa miezi sita, na waliotaka kurudi kazini Pullman walitakiwa kuahidi kwamba hawatajiunga na chama. Akaguna. Akauliza na ile kodi, je, ilishushwa? Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu aliposema supavaiza anakuja, tutaongea, na simu ikakatika.